Gari Likilala Kwangu, Linaamka Linatetemeka

Uvumi niliupata saluni, kwa mwanamke aliyekuwa anasukwa kiti cha pembeni yangu. Alisema kuna mama mmoja, sijui wa wapi, alikuwa anateremka mlima ndani ya gari na mumewe, mara akaona tairi linawapita upande wa kulia. Akamwambia mumewe, "Baba nanihii, tazama, kuna mtu kapoteza tairi." Kumbe ni lao.

Saluni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Niliuliza swali moja tu.

"Kabla ya hapo, gari lilikuwa linafanyaje?"

"Wanasema lilikuwa linatetemeka kidogo."

Basi. Nikaondoka nimesukwa upande mmoja, upande wa pili umesimama kama umeona jini.

Nilimsimulia rafiki yangu wa kanisani, nikaongeza kona kali, kwa sababu mteremko bila kona haukunitosha. Yeye akamsimulia dada yake. Uvumi ulipokuja kunirudia, ndani ya lile gari kulikuwa na mama mjamzito. Ile kona niliijua ni yangu. Lakini mjamzito sikumtia mimi, kwa hiyo nikaona hapo sasa ni ukweli mtupu. Wazazi wenzangu, uvumi ukiutoa nyumbani kwako unarudi na wageni, na wewe ndiye unayewaandalia kitanda.

Kwa mliokosa ya nyuma, niwakumbushe kwa ufupi. Mzee wangu alipostaafu alinunua gari kuukuu, akalipenda kama mtoto wa uzeeni. Gari likaanza kutetemeka. Likipanda ni zima, likiwa kwenye tambarare ni zima. Likiteremka tu, mzee akakanyaga breki, usukani unamfurukuta mikononi kama kuku aliyeona kisu. Mimi kwa kutaka kusaidia nikazitia breki mafuta ya cherehani, maana cherehani ikilia dawa yake ni mafuta. Mlisoma wenyewe jinsi tulivyokwenda kusimama katikati ya maua ya mwalimu mkuu. Tangu siku ile mzee alinipiga marufuku kuligusa gari. Ruhusa yangu ni kupanda, kushuka na kuomba Mungu.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini binti yetu, mtoto wetu mmoja tu, amekuja kujifungulia kwetu. Tumbo limeshashuka. Na hospitali iko wapi? Chini ya mlima. Sijui nani alikaa akafikiri akaona hospitali ikae chini ya mlima. Maana yake siku uchungu ukianza, mwanangu atateremshwa kwa breki kutoka juu hadi chini, ndani ya gari linalotetemeka. Nilikuwa nikifumba macho naona tairi linatupita upande wa kulia.

Fundi wetu jina lake la gereji ni Tayari. Kila akimaliza kazi anafunga boneti, analipiga kofi, anasema, "Tayari, mama!" Alishatupa Tayari ya tairi mpya. Akatupa Tayari ya kubalansi magurudumu, yazunguke sawa. Akatupa Tayari ya mipira inayoshikilia injini. Mwisho akatupa Tayari ya diski za breki, zile sahani za chuma ambazo breki inazibana ili gurudumu lisimame. Kila mara gari linatoka gereji limetulia kama maji ya mtungini. Likilala kwetu siku chache, ugonjwa ule ule.

"Mzee," Tayari akasema wiki hii, amejikuna mpaka kofia imehama kichwa, "gari lako likilala kwangu ni zima. Likilala kwako linaumwa. Linalala na nani?"

"Mimi nalala na mama watoto," mzee akajibu. "Na yeye anatetemeka kuliko gari."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wanaume wakishindwa kazi wanacheka.

Mimi nilishajua ni nani. Ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mama mwenye miwani. Kila asubuhi namwona dirishani, pazia limefunguka kidogo, jicho liko kwenye gari letu. Nikamwambia binti yangu, "Kuna mtu anatutazama kwa husuda."

"Anatutazama kwa sababu wewe unamchungulia, mama."

"Mtoto wewe, hujui watu."

"Nakujua wewe."

Tayari akaamua. "Kesho asubuhi nakuja kwenu mwenyewe. Nataka nilione linavyoamka."

Jioni ile ile mkwe wetu akaja na gari lake. Nilimwita mimi. Nilimwambia simwachii mwanangu apande lile letu, bora amchukue kesho ampeleke kupimwa, kisha akae kwa wifi yake anayeishi karibu na hospitali mpaka ajifungue. Mkwe ni kijana mpole, ananiheshimu mpaka nachoka. Nikikohoa anasimama.

Gari lake ni la juzi juzi, lina harufu ya dukani bado. Hata hivyo nilimkalisha sebuleni, mbele yangu.

"Mwanangu, ukiwa unaendesha hupokei simu."

"Sipokei, mama."

"Hata ikilia mara nyingi?"

"Hata ikilia mara nyingi."

"Hata nikipiga mimi?"

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Hata ukipiga wewe, mama."

"Apa."

Akaapa, kikombe cha chai mkononi. Nililala usingizi mzuri, nikijiona mama mwenye busara kuliko wote mtaani.

Sasa ndugu msomaji, kuna jambo nililokuwa nalifanya ambalo mzee hakulijua, wala binti, wala fundi. Sikuwaambia kwa sababu ya ile marufuku. Na sikuliona kama kosa. Niliona ndilo lililokuwa linatuweka hai.

Tairi likichomoka, maana yake nati zake zimelegea. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Basi kila asubuhi mzee akiwa bado anakoroma, nilikuwa natoa nyuma ya mlango wa jikoni spana ya magurudumu. Pamoja nayo natoa kipande cha bomba alichokiacha fundi wa mabomba aliyetuvutia maji. Navika bomba kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu. Nashika paa la gari. Kisha napanda juu ya bomba kwa miguu miwili, naruka. Nati hii, nati ile, gurudumu hili, gurudumu lile. Na mimi si mwembamba. Nguo zangu najishonea mwenyewe ili mtu asijue kipimo.

Nimeshona sare za shule maisha yangu yote kwa cherehani ya kukanyaga. Cherehani ikitetemeka unafanyaje? Unakaza skrubu. Ikitetemeka tena? Unakaza tena. Sijawahi kuona skrubu iliyoumia kwa kukazwa. Kwa hiyo kadiri gari lilivyotetemeka ndivyo nami nilivyokaza. Siku za mtetemeko mkubwa nilikuwa naruka mpaka kanga inafunguka.

Asubuhi ile ya safari nilitoka na spana yangu, nikasimama kati ya magari mawili. Nikajiuliza: hivi wewe mama una akili? Unakaza hili linalobaki, unaliacha lile linalombeba mwanao?

Nikaanza na la mkwe.

Lilikuwa gumu, nati zake kama limezaliwa nazo. Nikaruka gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. La nyuma kushoto lilikuwa na nati moja kaidi. Nikaruka, ikagoma. Nikajitupa kwa uzito niliopewa na Mungu na niliojiongezea mwenyewe. Ikagoma tena, halafu mara ikalainika, ikaenda taratibu chini yangu kama mtu aliyesema yaishe.

"Ehe," nikaiambia. "Na wewe umekaa."

Nikapangusa mikono. Wakatoka ndani, wakapakia begi la mtoto. Binti yangu akanikumbatia kwa ubavu, kwa sababu mbele hapafikiki.

"Mama, usikae na wasiwasi."

"Leo sina wasiwasi kabisa," nikamwambia. Na ilikuwa kweli. Niliwapungia mkono mpaka wakapotea kwenye kona ya kuelekea mteremkoni.

Nikarudi kwa gari letu. Niko juu ya bomba, nimeshika paa, nipo hewani, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mama, hiyo ni ngoma ya wapi?"

Tayari. Amesimama getini na pikipiki yake, mdomo wazi.

Nilishuka kwa heshima iliyobakia. "Nakaza tu nati, baba. Kila asubuhi nazikaza."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Nyinyi mnalala."

Alitazama spana. Akatazama bomba. Akanitazama mimi kuanzia miguuni kwenda juu, kama mtu anayekadiria gunia. Kisha akakaa juu ya ndoo akaanza kucheka. Alicheka mpaka mzee akatoka nje na fulana, mswaki mdomoni.

"Mzee, nimelipata! Nimeupata ugonjwa!"

"Uko wapi?"

"Umevaa kanga."

Mzee akanigeukia. Povu likamdondoka kidevuni.

"Nati inakazwa mpaka ishike, basi," Tayari akaeleza huku anapangusa machozi. "Tena ukikaza ya upande huu, unakwenda ya upande wa pili, ili gurudumu likae sawa. Sasa mtu akizifuata kwa mstari, kwa bomba, na kwa kilo zote hizi, samahani mama..."

"Endelea tu."

"...ile sahani ya breki inabanwa upande, inapinda. Inapinda kidogo, jicho halioni. Lakini ukikanyaga breki, pale palipopinda panapigapiga, usukani unatetemeka. Mimi naweka diski mpya, mama anapinda. Naondoa, naweka nyingine, mama anapinda. Nilifikia kutaka kuacha ufundi!"

"Kwa hiyo," mzee akasema polepole, "unataka kuniambia kinachotetemesha gari ni mke wangu."

"Ndiyo mzee."

"Nilisema. Nilisema jana mkacheka."

Nitakuwa mkweli, kitu cha kwanza nilichokisikia ni raha. Hakuna husuda, hakuna mkono wa mtu. Ni mimi tu! Nikacheka nao. Nilishaanza kufikiri nitampelekea jirani nini, cha kumwomba radhi kwa kosa la moyoni ambalo yeye mwenyewe halijui.

Tayari akapiga magoti kufungua gurudumu. Nati ikagoma. Akatia bomba langu. Nati ikalia kama mlango wa zamani. Akavuta tena, pakasikika *ka!* na kitu kikadondoka kwenye sementi.

Alikiokota. Ilikuwa nati, na ndani yake kipande cha bolti kilichokatika, kinang'aa pale kilipovunjikia.

Kicheko chake kilikatika na ile bolti.

"Mama, hizi ndizo zinazobeba gurudumu. Ukizivuta namna hii kila siku zinachoka. Siku moja zinakatika zenyewe barabarani."

Mzee alitoa mswaki mdomoni.

Sasa mimi nikikosolewa huwa najitetea, ndivyo nilivyoumbwa. Nikasema, "Lakini hizi zilikuwa ngumu kila siku. Zilikuwa nzima. Si kama ile iliyolainika."

"Ipi iliyolainika?"

"Ile ya leo."

"Ya gurudumu gani? Nionyeshe."

Nikanyoosha mkono. Mkono ulionyesha pale palipokuwa na gari la mkwe. Palikuwa na alama za tairi tu.

"Mama," Tayari akasema, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo, "ilifanyaje? Niambie vizuri."

"Iligoma. Nikaruka. Ikagoma. Halafu ikalainika, nikajua imekaa."

"Haijakaa. Nati ikigoma halafu ikalainika, ni bolti imevutika. Imeshaanza kukatika ndani. Iliyobaki ni kazi ya barabara."

"Gari lake ni jipya!"

"Bolti haijui gari jipya, mama. Inajua aliyepanda bomba."

Mzee akauliza nilichokuwa naogopa kuuliza. "Si zipo nyingine kwenye gurudumu hilo hilo? Moja ikifa, wenzake watabeba."

Tayari akanitazama. "Na hizo wenzake ulizikaza vipi?"

"Vilevile," nikasema.

Wote watatu tulikuwa tunatazama kona ya kuelekea mteremkoni.

Nikashika simu. Nikampigia binti. Simu ikaita. Ikaitia chumbani, chini ya mto, pale alipoiacha kwenye chaji.

Nikampigia mkwe. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Tena.

"Mbona hapokei huyu?" mzee akafoka.

"Ameapa."

"Ameapa nini?"

"Kwamba hapokei akiwa anaendesha. Hata nikipiga mimi."

"Nani kamwapisha?"

Kuna maswali mume anauliza huku jibu amelitazama.

"Piga wewe basi," nikamwambia. "Wewe hukutajwa."

Mzee akapiga. Haikupokelewa. Mkwe wangu akiapa, anaapa kwa ukoo mzima.

Mzee akakimbilia funguo za gari letu. Tayari akamzuia kifuani kwa mkono wenye grisi. "Na hili bolti imekatika mkononi mwangu! Unataka yawe mawili?" Akachukua spana, akafunga jeki nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaondoka bila hata kuvaa kofia yake ya kuendeshea. Ikabaki juu ya ndoo.

Mzee amesimama getini, fulana na mswaki. Mimi nimesimama kati ya ndoo na ukuta, sijui niweke wapi mikono. Mikono ile ile.

Ndipo jirani wa miwani akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Jirani, kuna nini? Nimeona fundi anatoka mbio."

Akaendelea, kwa upole wa mtu aliyetaka mazungumzo siku nyingi.

"Mbona leo umekatisha mazoezi?"

"Mazoezi gani?"

"Yale ya kuruka juu ya chuma. Kila asubuhi nakutazama. Nami daktari aliniambia nipunguze mwili, nikawa natamani nikuombe unifundishe. Nikaona aibu."

Yaani jibu la mtetemeko wote ule lilikuwa dirishani pale, nyuma ya pazia, na miwani juu. Ingetosha mtu mmoja kumsalimia. Mimi nilikuwa namkwepa kwa sababu ana jicho baya.

Simu ikalia mkononi mwangu. Mkwe.

Nilipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Nyuma yake nilisikia upepo, na watu wengi wanaongea kwa pamoja, na mwanamume mmoja anapaza sauti, "Msiliguse gurudumu! Liacheni hivyo hivyo lilivyo!"

"Mama," mkwe akasema. Alikuwa anahema. "Samahani sikupokea, niliapa. Sasa nimesimama."

"Umesimama au umesimamishwa? Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, kaa chini kwanza."

Alichosema ni cha simulizi ijayo. Kwa leo, wazazi wenzangu, na hasa kina mama wenye mapenzi ya kuzidi, jiepusheni na haya:

Usikaze nati za gari kwa bomba. Spana inatosha, na fundi anatosha.

Usitie mafuta ya cherehani kwenye breki. Nilishasema, narudia.

Usishangilie nati iliyolainika ghafla.

Usifiche jambo unalofanya kila siku kwa nia njema. Likiwa jema kweli, lifanye watu wakiwa macho.

Usimwapishe mkwe asipokee simu. Mwambie aegeshe pembeni, ndipo apokee.

Usiliache gari liondoke na mtoto wako kabla hujaona simu yake iko mkononi.

Usimshuku jirani ambaye hujamsalimia.

Uvumi wa saluni uache saluni, na ukae usukwe mpaka mwisho.

Na wewe kijana uliyeoa, usimwambie mama mkwe wako akae chini kwanza. Mimi sikukaa. Nilishika ukuta, jirani akanishika mkono kutoka upande wa pili, nikamwambia, "Sema nikiwa nimesimama."